Shombo ya Nanyama

Okinyi alilisema neno lile akiwa mlangoni, hajavua hata viatu.

"Nanyama, unanuka."

Si neno la kumwambia mtu aliyeshika mwiko, na mimba ya miezi mitano mbele yake, lakini ndivyo alivyolisema. Nanyama aligeuka kutoka jikoni huku akitabasamu. Alidhani ni mzaha, kwa sababu katika chumba kile cha Migosi harufu ya samaki haikuwa habari kwa mtu. Ndiyo iliyowalipia kodi. Mwaka wa tano sasa alikuwa akikaanga mgongo wazi kule Obunga, yaani kile kinachobaki cha mbuta baada ya viwanda kuchukua minofu: kichwa, uti na mkia. Matajiri hula nyama ng'ambo, sisi tunanyonya mfupa na kushukuru.

"Si nimetoka kwa samaki?" akasema. "Ulitaka ninuke maua?"

"Sio mchezo. Madam amelalamika leo. Amesema gari inanuka samaki. Amefungua madirisha yote, na watoto wake wakashika pua. Mbele yangu, Nanyama! Miaka mitatu naendesha hiyo gari, sijawahi kuambiwa neno."

Okinyi alikuwa dereva wa familia moja ya Milimani. Alivaa shati jeupe siku tano za wiki, akalipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakuamini mkono wa mtu mwingine kwenye kola. Mtu kama huyo ukimshikia pua umemvua nguo. Basi aibu aliyovishwa Milimani akaibeba mpaka Migosi akamvisha mkewe. Ndivyo tulivyo: mkubwa akitutemea, hatumrudishii, tunatafuta mdogo wetu.

"Nitaoga vizuri," Nanyama akasema, na tabasamu likamtoka.

Okinyi akatazama chini. Hapo angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini akashusha sauti, akaongeza lile la pili. "Sio mikono tu. Ni huko chini. Nimekuwa nikivumilia, lakini inazidi."

Ugali ukashika sufuria. Nanyama hakuuona.

Tangu siku ile Okinyi alihamia kwenye kochi. Hakugombana naye, hakumpiga, hakumnyima chochote. Alikunja tu shuka lake kila asubuhi na kuliweka kando, kama mgeni mwenye adabu. Nanyama alikuwa radhi kutukanwa kuliko kuliona shuka lile.

*

Usimcheke kwa alilofanya. Wengine wetu tumefanya hivyo hivyo, ila hatukukamatwa.

Obunga wana dawa yao ya shombo. Kazi ikiisha, wanawake hukusanyika kwenye beseni moja, hukata malimau, hutia sabuni ya unga kidogo, wakasugua mikono mpaka viwiko. Harufu huondoka. Si yote, lakini ya kutosha mtu kupanda tuktuk bila abiria kumhama. Nanyama alikuwa ameona kwa macho yake, siku baada ya siku, miaka mitano, kwamba limau hushinda samaki. Sasa kama linatoa shombo mikononi, kwa nini lisiitoe kwingine?

Akanunua chupa ya plastiki, ile yenye mdomo mwembamba ambayo wauza chipsi hutilia sosi. Akachanganya maji ya uvuguvugu, limau na sabuni kidogo, akaingia bafu la ploti, lile la wapangaji wote, akafunga komeo. Akajiosha ndani. Kuliwasha. Machozi yalimtoka, akaziba mdomo kwa leso kwa sababu jirani alikuwa akifua nje. Kisha akajiambia, kinachowasha ndicho kinachofanya kazi.

Na kweli, siku moja, siku mbili, harufu ikapungua. Siku ya tatu ikarudi ikiwa na nguvu zaidi. Akaongeza limau. Mwishoni mwa mwezi alikuwa anajiosha asubuhi na jioni, na ule ute uliokuwa ukimtoka, mwepesi, wa rangi ya kijivu, ukazidi badala ya kupungua.

"Emma," alimuuliza Emmaculate, rafiki yake wa karai la pili, siku moja wakigeuza vichwa vya samaki kwenye mafuta. "Mimi nanuka?"

Emmaculate alicheka mpaka akashika mbavu. "Yawa! Unaniuliza mimi? Mimi pua yangu ilikufa zamani. Hapa wote tunanuka. Akiletwa maiti hapa hatutajua mpaka aoze wiki."

Hapo ndipo palipokuwa na balaa lenyewe. Mke wa yule tajiri wa Milimani angenuka hivyo siku moja tu, angeshtuka, angempigia daktari simu, na angepewa vidonge vya wiki moja vya bei ya soda chache. Maana harufu ile ilikuwa ugonjwa. Ni ugonjwa wa kawaida, unawapata wanawake wengi, wenye waume na wasio nao, wasafi na wachafu, na alama yake ni harufu ya samaki. Lakini mgonjwa akiwa mkaanga samaki, na mumewe mla samaki, na rafiki zake wauza samaki, nani atajua? Nanyama alijinusa akasema: kazi. Okinyi alimnusa akasema: uchafu. Ugonjwa ukakaa katikati yao ukila kwa raha zake.

*

Utasema, kliniki je? Kliniki alikwenda. Hakukosa hata siku moja.

Lakini mwanamke aliyelelewa vizuri kule Kimilili haendi mbele ya nesi hivi hivi. Siku ya kliniki Nanyama aliamka mapema kuliko siku nyingine, akajiosha mara mbili, limau kamili kila mara, akavaa chupi mpya aliyoiweka kwa ajili ya siku hizo tu. Alipofika, alikuwa ameufua ushahidi wote.

Sista Debra alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara. Alimpima presha, akapima tumbo kwa utepe, akasikiliza moyo wa mtoto.

"Mtoto anacheza?"

"Sana, sista."

"Damu?"

"Hapana."

"Uchafu wowote unatoka huko chini? Harufu? Kuwashwa?"

Nyuma ya pazia, ambalo halikufika chini, miguu ya wanawake wengine saba ilionekana imejipanga kwenye benchi. Mmoja alikuwa wa kanisani kwao. Nanyama alivijua viatu vyake.

"Hapana, sista. Mimi niko msafi."

Sista Debra aliandika "hakuna" kwenye kitabu cha kliniki, akaita anayefuata. Wazee walisema mficha uchi hazai. Tunaipenda sana methali hiyo tukiwaambia wengine.

*

Mimba ilipofika miezi saba, Mama Seline, mama yake Okinyi, alikuja kutoka Bondo na mfuko wa unga wa mtama na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alikuja kumlinda mjukuu. Miaka minne alikuwa amengoja mjukuu huyo. Hakuwahi kumwambia mkwewe neno baya, lakini kila Krismasi alikuwa akimtazama tumbo kabla ya kumtazama uso.

"Nyar Kimilili," alikuwa akimwita, yaani binti wa Kimilili, jinsi Waluo wanavyomwita mke kwa kwao, "kula. Sasa hauli peke yako."

Alipoona shuka la kochi hakuuliza. Alilitwaa kochi yeye mwenyewe, akamrudisha mwanawe kitandani kwa nguvu ya macho tu. Okinyi alilala akiwa ameugeukia ukuta. Basi Nanyama akaongeza kujiosha, kwa kuwa sasa hapakuwa na kochi la Okinyi kukimbilia.

Jumanne moja asubuhi, akiwa anainama kuokota ufagio, alihisi maji ya uvuguvugu yakimteremka mapajani. Hayakuwa mengi. Alikuwa ametoka bafuni robo saa iliyopita. Akajifuta kwa leso. Mchana yakatoka tena. Jioni tena.

"Mbona umelowa?" Mama Seline aliuliza, akitazama nyuma ya dera lake.

"Nimetoka kuoga, mama."

"Unaoga na nguo?"

Nanyama akacheka kicheko cha kuazima, akaenda kubadilisha. Na hapa naomba umwelewe vizuri, kwa sababu daktari alipouliza baadaye, "Mama, ulikaa siku mbili na chupa ya uzazi imepasuka, ulikuwa unangoja nini?" hakuweza kujibu. Hakuwa akingoja chochote. Mtu anayejisukumia maji ndani kila siku, maji yakimtoka, atajua vipi kuwa si yale yale? Alidhani ni maji yake ya limau yanarudi. Kwa siku mbili mtoto alikuwa akibaki bila maji yake, na mama yake alikuwa akibadilisha leso na kuomba mkwewe asione.

Alhamisi asubuhi alienda kazini. Mbele ya karai linalochemka, mafuta yakiruka, meno yake yakaanza kugongana.

"Emma, kuna baridi."

"Baridi gani mbele ya moto?" Emmaculate akamgusa shingo, akautoa mkono upesi. "Mayo! Wewe unaungua! Wacha hiyo samaki. Wacha, nimesema!"

*

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha wodi ya wazazi, na aliyekuja na glavu alikuwa Sista Debra, kwa vile wiki hiyo zamu yake ilikuwa huko. Okinyi alikuwa amefika mbio, shati jeupe limelowa jasho. Mama Seline alisimama upande wa kichwa, ameshika rozari ya jirani wa kitanda cha pili bila kujua.

Sista Debra aliinama kupima. Akainuka. Pua yake haikuwa imekufa kama ya Emmaculate.

"Haya maji yameanza kutoka lini?"

"Leo."

"Nanyama. Lini?"

"Ni maji ya kuoga tu, sista."

Sista Debra alivua glavu. Aliwatazama Okinyi na mama yake, akawaambia kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara, "Nyinyi wawili, nje." Walipotoka akavuta kiti, akaketi, na sauti ikawa nyingine kabisa, ya chini, kana kwamba alikuwa akiihifadhi mahali.

"Nisikilize. Una homa kali. Moyo wa mtoto unakimbia. Kuna kitu kimeingia humo ndani na lazima nijue kimeingiaje, ndiyo daktari achague dawa. Mimi sio mchungaji wako. Sio mama mkwe wako. Umekuwa ukitumia nini?"

Nanyama alitazama dari. Alihisi mtoto akigeuka, polepole, bila ile nguvu ya juzi. Huyo ndiye aliyemfungua mdomo. Kama si yeye angekufa na siri yake.

"Limau," akasema. "Na sabuni ya unga. Kwa chupa."

"Ndani?"

"Ndani."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Siku ya kliniki mara mbili asubuhi. Tangu mimba ya miezi mitano."

Sista Debra alifunga macho kidogo. "Na nilikuuliza. Nilikuuliza na midomo yangu."

"Nilioga ndiyo nisikunukie, sista. Nilikuheshimu."

Haya ndiyo yaliyomliza yule nesi, ingawa aligeuka upesi kuandika. Alipogeuka tena alimweleza kwa maneno machache, akimfunga dripu huku akizungumza. Alimwambia kuoga ni kwa nje, kwa maji, basi. Uke hujisafisha wenyewe. Alimwambia ndani kuna vijidudu vizuri, askari wa mlango wa kizazi, na limau na sabuni huua askari kwanza kabla ya mwizi. Mwizi akikuta mlango hauna mtu huingia, hupanda, hupasua chupa.

"Harufu ilikuwa ni ugonjwa, mama. Ulikuwa mgonjwa. Ungeniambia tu."

"Kumbe si samaki?"

"Si samaki."

Nanyama alilia hapo kwa mara ya kwanza. Alililia kochi, alililia lile shuka lililokunjwa, alililia chupa ya sosi. Ugonjwa! Kitu kidogo chenye jina na dawa. Zaidi ya miezi miwili alikuwa akijichukia kwa kitu chenye dawa.

*

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema alfajiri kwamba mtoto hawezi kungoja zaidi. Wakamsukuma hadi chumba cha upasuaji Ijumaa saa moja asubuhi.

Humo, kabla ya kisu, muuguzi mmoja alikuja na bakuli la dawa ya kahawia na pamba iliyoshikwa kwa koleo. "Mama, tunakusafisha ndani kidogo. Utasikia baridi."

"Si sista amesema haifai?"

"Nyumbani haifai. Hapa ni dawa yake, imepimwa, ni mara moja tu, na kuna sababu: tunakupasua, hatutaki vijidudu viingie kwenye kidonda. Baada ya leo usijioshe ndani tena mpaka ufe."

Ilichukua chini ya dakika. Haikuwasha. Nanyama, nusu ya mwili imeshakufa ganzi, akafikiri kwamba kati ya mikono yote iliyowahi kufika pale, pamoja na yake mwenyewe, hakuna uliokuwa mpole kama huu wa mtu asiyemjua. Mtu huyo hakuziba pua.

Mtoto alikuwa msichana. Alitoa sauti moja, nyembamba. Alizaliwa asubuhi, basi akawa Akinyi, na uzito wake ulikuwa kilo moja na gramu mia nne.

*

Akinyi aliishi siku nne.

Alikuwa ndani ya sanduku la kioo, na mrija puani na mkanda mguuni ulioandikwa jina la mama yake. Maambukizi yalikuwa yamemwingia kabla hajaliona jua. Nanyama aliruhusiwa kutia mkono kwenye tundu na kumgusa. Kidole chake kimoja kilijaa kiganja chote cha mtoto, na mtoto alikishika. Alinawa mikono kwanza kama alivyoagizwa, kisha akanusa vidole vyake, kisha akanawa tena, mpaka nesi wa zamu akamshika bega akamwambia, "Inatosha, mama. Yuko na haja na wewe, sio na sabuni."

Jumatatu alasiri kiganja kikaachia.

Okinyi alikuwa pale; daktari alikuwa ameshamweleza habari ya limau na chupa. Alisimama muda mrefu mbele ya sanduku tupu, kisha akamgeukia mkewe na macho ya mtu anayetafuta wa kumpiga. "Nani alikufundisha hiyo maneno ya chupa? Ni Emmaculate? Niambie. Ni nani?"

"Hakuna mtu. Nilijifundisha."

"Mtu hawezi kujifundisha upumbavu kama huo!"

Sista Debra, aliyekuwa amepanda kutoka wodini kumpa pole, alimjibu kwa niaba yake. "Baba, wanawake nusu ya mji huu wanafanya hivyo. Wengine chumvi, wengine dawa ya choo. Na siwezi kukuapia kuwa ni maji yaliyomuua mtoto. Huo ugonjwa wenyewe unaweza kupasua chupa. Lakini maji yalizidisha ugonjwa, na yaliuficha. Hilo naweza kuapa." Akamtazama kuanzia viatu hadi kola. "Wewe uliisikia hiyo harufu?"

Okinyi akainamia viatu vyake.

"Uliisikia. Ulifanya nini?"

Nanyama alilikumbuka lile neno la mlangoni. Angeweza kulisema pale pale. Alikuwa na haki. Lakini alikuwa amechoka mno, na kulikuwa na maiti ndogo ya kusitiri.

*

Walimzika Bondo, haraka na bila turubai, jinsi watoto wachanga wanavyozikwa. Jumamosi iliyofuata, watu wakaja Migosi kutoa pole. Wanawake wa Obunga walikuja kumi na wawili, mikono yao imesuguliwa limau. Akina mama wa kanisa walikuja na mchungaji. Chumba hakikutosha, wengine wakakaa nje, mlango wazi, vikombe vya chai vikipitishwa kwa mikono.

Mchungaji alisema vizuri. Alisema yametokea kwa mapenzi ya Mungu, na Mungu hakosei. Akina mama wakaitikia amina. Mama Seline, pembeni, alinong'ona kwa Kiluo kwamba labda ni chira, mkosi wa mwiko uliovunjwa na mtu bila kujua, na jirani yake akatikisa kichwa kukubali.

"Mchungaji," Nanyama akasema, "usimsingizie Mungu."

Kikombe cha mtu kikagonga kisahani. Okinyi akainua kichwa.

"Na wewe mama, unisamehe. Hakuna mwiko. Nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nanuka." Alishika tumbo mahali palipokuwa na kidonda, akasimama, maana aliona akikaa atanyamaza. "Nilinuka samaki huko chini, nikafikiri ni kazi. Nikajiosha ndani na limau na sabuni, hizi hizi tunaoshea mikono Obunga. Kumbe nilikuwa nafungulia ugonjwa mlango. Nesi aliniuliza, nikadanganya. Chupa ilipasuka, nikasema nimeoga. Mambo ndiyo hayo. Sina mengine."

Hakuna aliyesema amina. Mama mmoja wa kanisa, yule wa viatu vya kliniki, akatazama chini na kuvuta sketi yake magotini. Mchungaji akafungua kitabu chake cha nyimbo, akakifunga. Okinyi akasimama, akaanza kujipenyeza kuelekea mlangoni.

"Okinyi, keti," mama yake akasema.

"Mama, haya ni maneno ya wanawake."

"Ni mtoto wako tumezika. Keti."

Aliketi palepale sakafuni, na suruali yake ya pasi. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi ndiye nilimwambia ananuka." Alifungua kifungo cha kola. "Nilimwambia hivyo, nikahamia kochi. Sikumwambia twende hospitali. Hata haikunijia akilini."

Nanyama alimtazama mumewe, na hasira aliyokuwa ameifunga tangu wodini ikampanda mpaka kichwani, akaiacha impande. "Ungesema tu, 'Twende,'" akamwambia. "Neno moja. Ningeenda."

"Ningesema," Okinyi akasema, na akalia mbele ya wanawake wote wale, kamasi kwenye kola.

Nanyama hakwenda kumbembeleza. Aliwageukia wenzake. "Jumatatu narudi kukaguliwa kidonda. Anayenuka aje nami. Lakini asijioshe ndani kwanza. Aje hivyo hivyo alivyo."

Halafu Emmaculate, ambaye pua yake ilikufa zamani, akaweka kikombe chini. "Saa ngapi?" akauliza.

Wageni walipoondoka, Mama Seline alibaki kwenye kochi, mikono mapajani. Hakukusanya vikombe. Okinyi alivikusanya yeye, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

"Nyar Kimilili."

"Mama."

"Hiyo maji." Alisita, akaanza tena. "Ikiwa ni ya chumvi? Chumvi peke yake, na majani kidogo. Kama tulivyofundishwa na mama zetu kabla ya kuolewa. Hiyo nayo?"

Nanyama alikaa karibu naye. "Kwa nini unauliza, mama?"

"Kabla ya Okinyi nilizaa watatu. Wote walikuja kabla ya wakati wao, wakazikwa. Waliniambia ni chira, nikachinja mbuzi, nikalipa, nikaomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Miaka arobaini naomba msamaha."

Nanyama alitaka kumpa jibu. Alilitafuta katika maneno yote ya Sista Debra na hakulipata. "Sijui, mama," akasema. "Sista anasema hakuna anayeweza kuapa."

"Watatu," mzee yule akasema. "Na niliwapa majina."

Akawataja, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Okinyi alisimama na vikombe mikononi akisikiliza, kwa kuwa katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa na ndugu wakubwa.